Nilivyotumwa dukani Uskoti

Siku ya kwanza yule bibi niliyekuwa namhudumia aliponiambia nikamletee "messages" mi nilitoa simu. Nikajua anataka nimsomee meseji, wazee wengi macho hayaoni vizuri, nikamuuliza simu yake iko wapi akanionesha ile ya mezani yenye waya. Nikamwambia hii haiingii meseji bibi. Akaniangalia, akaiangalia simu, akaanza kucheka mpaka akakohoa nikamkimbilia na maji. Kumbe kwao messages ni manunuzi. Mkate, maziwa, nyama, viazi, hizo ndo messages, na neno lenyewe limetokana na kutumwa, mtu anakutuma unaenda unarudi na kitu. Yaani bibi wa watu alikuwa ananituma dukani basi, kama nilivyokuwa natumwa Ngamiani, kwetu Tanga, nikiwa na miaka saba, hela nimeikunja kwenye kiganja mpaka imeloa jasho.

Hii ilikuwa Pittenweem, mji mdogo wa wavuvi kwenye pwani ya Fife, ng'ambo ya maji ukitokea upande wa Edinburgh. Nilifika Novemba 2022 kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, nikakaa Leven miezi mitano afu nikapata chumba Anstruther ambako ni karibu na wazee wangu. Kampuni siitaji jina, masaa waliyoahidi na masaa waliyotoa ni vitu viwili tofauti, na gari sikuwa nalo wala leseni, kwa hiyo nikawa mtu wa basi namba 95 na miguu. Ile 95 ndo ilikuwa inaunganisha Leven, Elie, St Monans, Pittenweem, Anstruther, Crail mpaka St Andrews, inapita inajikunja kila kijiji. Ningekuwa na gari haya yote ningeyapita tu.

Nianze na giza maana ndo lililonipokea. Watu wanakuambia baridi, baridi, unajiandaa na baridi, giza hakuna anayekuambia. Desemba jua linazama saa tisa na dakika arobaini, alasiri hiyo, yaani muda ambao Tanga watu ndo kwanza wanaamka usingizi wa mchana wanatafuta kahawa. Nilikuwa naswali Maghribi bado nina wazee watatu wa kuwahudumia. Afu ukija Juni inageuka, Maghribi saa nne usiku na mbingu bado ina mwanga, watoto wako nje wanapiga mpira. Mama yangu mpaka leo haamini. Nikimpigia videokoli namuonesha dirisha anasema umeweka taa.

Halafu majina. Kiswahili kimetudekeza jamani, sisi tunasoma kilichoandikwa. Mara ya kwanza kupanda basi kwenda kijiji kimoja kinaitwa Kilconquhar nikamwambia dereva Kil-kon-ku-har, kila herufi, nimejipanga kabisa. Dereva akasema hakuna mahali pa hivyo. Nikamuonesha simu. "Aaah, Kinyuka!" Herufi kumi na moja na wanasema Kinyuka. Kirkcaldy ni Kakodi. Anstruther wenyewe wazee wanasema Enster. Basi nikajifunza kutulia kwanza, nisikie mtu wa mbele yangu anasemaje ndo na mimi niseme hivyohivyo, na nikishuka namwambia dereva asante kama wote wanavyofanya, kila abiria, hata wale vijana wa shule wenye makelele.

Ila kuna sehemu lugha yao imenirahisishia. Mwingereza anakuuliza unaishi wapi, Mskoti anakuuliza "where do you stay", unakaa wapi! Ile ile yetu. Niliposikia mara ya kwanza nikadhani ananitania kwa kuiga Kiingereza changu. Na bibi alikuwa ananiita "hen", ambayo kwenye kamusi ni kuku jike, nikanuna siku nzima kimoyomoyo kabla sijaambiwa na mwenzangu kwamba ni kama sisi tunavyosema mwanangu au mama, mwanamke yeyote anaitwa hivyo. Shida iliyobaki ilikuwa yangu mimi, nimuite nani? Alitaka nimuite jina lake la kwanza. Mtu wa miaka themanini na kitu, jina tupu, mdomo haufunguki. Tukaafikiana nimuite Bibi, nikamfundisha na shikamoo, yeye akawa ananiamkia mimi shikamoo kila asubuhi na kila asubuhi namrekebisha.

Sasa turudi kwenye messages. Karatasi yake ya kwanza iliandikwa mkate, maziwa, roll nne, yaani vimikate vidogo, na mince, nyama ya kusaga, nusu ratili. Aliandika paundi ya uzito lakini kwangu hiyo ni ratili, neno ambalo mara ya mwisho nilimsikia nalo marehemu nyanya yangu. Nikaenda duka la Co-op la Anstruther nikanunua mkate mzuri, laini, wa bei. Bibi akaufungua akaunusa akauweka pembeni kama mtu aliyeletewa kiatu cha mguu mmoja. Anataka plain. Nikasema ndo huu, hauna kitu, hauna mbegu, uko plain. Wapi! Kumbe plain loaf ni aina ya mkate wa kwao, mrefu kwenda juu, ubavuni hauna ganda kwa sababu imeokwa imebanana, juu na chini ganda limekuwa kahawia nyeusi gumu. Ule niliomletea mimi ni pan loaf. Maziwa nayo nilikosea, nilichukua ya kifuniko cha kijani yeye anakunywa ya bluu yenye mafuta yake yote, maisha yake yote hajanywa ya kijani.

Roll ndo usiseme. Pale dukani kwa muoka mikate nikapewa roll nne zimeungua. Si kahawia, nyeusi, juu kama imepakwa lami. Nikamwambia dada samahani hizi zimeungua nibadilishie, nikijiona mjanja kwamba hawatanionea kwa ugeni wangu. Foleni nzima ikakaa kimya. Dada akaniuliza kwa upole, ni za nani? Nikataja bibi. Akasema basi ni hizohizo, anataka well-fired, amekula hizo tangu mimi sijazaliwa. Yaani kuna watu wanaagiza kabisa ziungue.

Hilo swali la "ni za nani" ndo lilinifungua macho. Buchani nikaenda na karatasi yangu ya nusu ratili, baba wa bucha akanyoosha mkono kwenye mince ya kwenye kioo, akasita, akauliza ya nani. Nikamtaja. Akairudisha ile ya kwenye kioo, akatoa kipande cha steki nyuma akakisaga palepale, akaongeza na mfupa bila kuandika bei, akasema mwambie asisahau kufunga geti, upepo unakuja. Mi nimekulia hivyo! Sisi tulikuwa tunafika kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, anauliza we mtoto wa nani, ukimtaja mama yako anajua kama ni mkopo au taslimu, anajua sukari robo au nusu, na ujumbe wa kumpelekea anakupa. Miezi minne nimepita mbele ya bucha ile mtu ananisalimia kwa adabu ya mgeni, "nice day" basi imeisha, siku niliyosema nimetumwa na nani ndo nikawa mtu wa pale. Kuanzia hapo nikiingia ananiuliza habari za bibi, habari za nyonga yake, na mimi mwenyewe natokea wapi. Nyama yangu ilikuwa naifuata Dundee kwenye bucha za halali na alilijua hilo, hakuwahi kuniuzia kitu kwa nguvu, mayai tu.

Mangi mwenyewe yupo pia. Leven karibu na nilipokuwa nakaa kuna duka la baba mmoja wa Kipunjabi, kimya kimya nilidhani nitaongea naye Kiingereza cha kigeni mwenzangu, akafungua mdomo ikatoka Kifife nzito kuliko ya dereva wa basi. Tofauti na Mangi ni kwamba hakopeshi, na pombe ni mpaka saa nne usiku, sheria ya Uskoti maduka yanauza pombe saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku, ikipita dakika moja hata umpigie magoti. Maduka mengine ya mji ndo kabisa, saa kumi na moja jioni kimya. Mtaa mkuu unakuwa kama siku ya pili ya Idi.

Mitumba nilikutana nayo Leven. Pale mtaani kuna maduka ya hisani, charity shop, kila baada ya milango michache, na ndani ni mitumba ileile ya soko la Mgandini ila imening'inizwa, imepigwa pasi, kuna chumba cha kujaribia na muuzaji ni mama mstaafu anajitolea bila mshahara. Nikanunua koti zito la mvua, nikaingiza mkono mfukoni nikakuta kimfuko kidogo cha plastiki, kimefungwa vizuri. Cha kuzolea kinyesi cha mbwa. Tanga ungekuta tiketi ya treni ya Ujerumani. Hapa nguo ilikuwa haijasafiri, inawezekana mwenyewe nilipishana naye njiani.

Na mbwa ndo habari nyingine. Mi mbwa naogopa, na kidini mate yake ni mtihani, na pwani ile kila mtu ana mbwa na mbwa hafungwi. Nilikuwa nikiona mbwa mbali nasimama pembeni ya ukuta kama nasubiri gari lipite. Watu wakaona, na hawakunicheka, wakaanza kuwashika mbwa kamba wakinikaribia na kuniambia jina lake, huyu anaitwa fulani hana neno. Ikawa mwaka mzima nawajua mbwa kwa majina, wenye mbwa siwajui hata mmoja. Nikiulizwa nani kakusaidia kubeba mzigo nasema baba wa yule mweusi mwenye sikio moja.

Kutembea kule si mazoezi, wanatembea tu. Nilikuwa naona wazee wamevaa buti wamebeba chupa ya chai wanakwenda wapi? Hawaendi popote. Njia ya pwani ya Fife ni kilomita 187, kuanzia Kincardine mpaka Newburgh, inakatiza vijiji vyote, mashamba, viwanja vya gofu. Na huzuiwi. Kuna sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003, una haki ya kukatiza kwenye ardhi ya mtu ilimradi una adabu, hukanyagi mazao, geti ulilikuta limefungwa unalifunga. Mi mwanzoni nilikuwa nafika kwenye shamba nasimama natafuta mwenye shamba nimpigie hodi. Hata ule uwanja mkongwe wa gofu wa St Andrews ambao watu wanatoka Marekani na Japani kuja kucheza, Jumapili kwa kawaida hauchezwi, watu wa mji wanaingia kutembea na watoto na mbwa kwenye majani yale yale. Tuna viwanja huku kwetu mlinzi anakufukuza ukisogelea ua.

Kipande nilichokipenda ni kutoka Pittenweem kwenda St Monans, maili moja na nusu hivi, nilikuwa naenda kati ya mzee wa asubuhi na mzee wa mchana. Unatokea bandarini ambako kuna madema yamepangwa, ya kaa na kamba, yao ni ya waya na nyavu siyo ya fito kama yetu lakini mdomo ni uleule, kiumbe anaingia kutoka hawezi. Unapanda vichochoro vyao vinaitwa wynd, vyembamba, mawe, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili, kama uko Mji Mkongwe ila bila mabaraza na bila kelele. Afu njia inatoka mjini, kushoto bahari, kulia shamba la shayiri, mbele unaona kinu cha upepo cha zamani pale walipokuwa wanachemsha maji ya bahari kupata chumvi kwa moto wa makaa ya mawe. Nikamwambia bibi kwetu chumvi tunaanika tu, jua linafanya kazi. Akasema hilo jua mngetuletea.

Sasa aibu yangu. Elie kuna mahali panaitwa Chain Walk, chini ya majabali ya Kincraig, kuna minyororo ya chuma imegongelewa kwenye mwamba unaishika unapanda unashuka, chini yako bahari. Kibao kimeandikwa wazi, angalia ratiba ya maji. Tulikuwa watatu, mimi na Mmalawi na dada wa Nigeria, wote wa kazi, wote off. Wale wakaniuliza na maji vipi? Mi mtoto wa Tanga nikaangalia mwezi jana yake, nikasema bamvua hii, siku za maji kupwa na kujaa kuliko kawaida, maji yamepwa, tuna muda mpaka mchana, twende. Bamvua ilikuwa kweli. Mwezi ni uleule jamani, hapo sikudanganya. Ila tuliondoka tumechelewa kwa sababu ya kupiga picha, na kwetu maji yanakuja taratibu juu ya mchanga mrefu unayaona, pale yanaingia kwenye nyufa za mwamba nyuma yako wewe unaangalia mbele. Tumepita mnyororo wa tatu nikageuka, kale kamkono ka bahari tulikovuka na viatu vikavu kamejaa mpaka mapajani. Tukarudi humohumo. Ilikuwa Julai, watu wanaita kiangazi, lakini maji yale yalinikata pumzi nikashindwa hata kusema Bismillahi mpaka mwisho. Mmalawi alikuwa anacheka na kulia. Tulipotoka kuna mzee na mbwa wake (namjua mbwa) alikuwa amesimama ametuangalia muda wote na simu mkononi tayari kuita boti ya uokoaji, hakutugombeza, alisema tu "maji hayakuuliza unatoka wapi hen". Ratiba ya maji iko kwenye simu, bure, dakika moja kuangalia.

Kwa hiyo tukaenda kula samaki, tumeloa. Pale napo pana somo dogo. Fish supper siyo chakula cha usiku, ni samaki na chipsi muda wowote, ukisema fish peke yake unapewa samaki mtupu bila chipsi, na samaki wao ni haddock, ukiwatajia cod wanakuona Mwingereza. Kama unajali halali uliza mafuta. Samaki unajiona uko salama kumbe sehemu nyingi wanakaangia mafuta ya ng'ombe, nilikula mara mbili kabla sijajua. Kuna wanaotumia ya mimea, ukiuliza wanakuambia vizuri tu bila kununa. Na wana kitu kinaitwa tablet, cha sukari na maziwa mazito na siagi, kinamumunyuka mdomoni, kashata ambayo imesahau nazi. Nilimletea bibi kashata ya kweli nimeipika mwenyewe, akala moja, ya pili akaificha.

Mtu akija kutembea huwa namwambia asikae Edinburgh wiki nzima. Siku moja ya Edinburgh inatosha, afu shuka kijijini, chagua kimoja lala siku tatu, wengi wanapiga vijiji vitano kwa siku, picha Crail bandarini, picha Pittenweem, picha Anstruther, basi. Mgeni wangu mmoja alikuja Mei akakuta ule ukungu wa bahari wanaouita haar, unaingia ghafla mweupe huoni hata mnara wa kanisa, akaniambia umenileta kwenye jokofu. Nikampandisha basi mpaka Cupar, si mbali, ndani kidogo tu ya nchi kavu, jua linawaka watu wamevaa kaptula. Haar ikikaa pwani we ondoka pwani, ndo dawa yake. Na tangu Juni 2024 treni imerudi Leven baada ya miaka zaidi ya hamsini, mi nilikuwa nimeshahamia Dundee, nikapanda kwa hasira tu.

Blantyre nilienda mara moja, karibu na Glasgow, kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari, maana kila nikisema Tanzania mzee wa kule ananitajia Livingstone utadhani ni mjomba wangu. Alizaliwa hapo 1813 kwenye chumba kimoja, familia nzima chumba kimoja, na akiwa na miaka kumi akaanza kazi kiwanda cha pamba. Nilikuwa nimeenda kutafuta Susi na Chuma kusema kweli. Wapo, na wameelezwa, wale na wenzao waliobeba mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye kile chumba. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Bibi sasa hivi yuko kwenye nyumba ya wazee Cupar, nyonga ilikataa. Mwezi uliopita nilipiga simu kwamba nakuja Jumamosi, muuguzi akanipa niongee naye, hakuniuliza habari, shikamoo, afu palepale akanituma. Nikashuka Pittenweem kwanza, yule dada wa mikate akaniona tu akachukua mfuko, akapekua chini kabisa akatoa nne. Nikazibeba basi mbili na kusubiri kwenye upepo St Andrews. Nilipofika bibi akafungua mfuko, akatoa moja, akaigonga juu kwa ukucha, akasikiliza.

"Hii haijaungua vizuri hen."